Sekunde Kumi na Moja

Mara ya sita iliharibiwa na simu iliyolia ndani ya friji, na mara ya saba ikawa mbaya kuliko ya sita.

Simu ilikuwa ya Fundi. Kila walipopiga picha jikoni kwa mama yake, kazi ya kwanza ilikuwa kuzima friji, maana mngurumo wake uliingia kwenye kinasa sauti kama nzi asiyefukuzika. Na ili asisahau kuliwasha tena, Fundi aliweka simu yake humo humo ndani, juu ya trei ya mayai. Friji angeweza kulisahau, lakini simu ingemrudisha. Mtu anayetengeneza mafriji ya watu kutwa nzima angejificha wapi siku maziwa ya mama yake mwenyewe yakiharibika?

"Tuwape wateja wako namba ya jokofu moja kwa moja," alisema mdogo wake wa kike, aliyeinua fimbo ya maikrofoni juu ya kichwa kama mtu anayeangua matunda. "Halo, umepiga jokofu, acha ujumbe wako tutaugandisha."

Fundi alicheka. Yeye hucheka kwa mabega tu. Dairekta naye alicheka nyuma ya kamera.

Dairekta ni jina la kazini. Siku tano za wiki alikata lenzi za miwani katika karakana iliyo nyuma ya duka, chumba chembamba chenye mashine mbili, bomba la maji na vumbi jeupe lililoingia mpaka kwenye nyusi. Wenzake walipogundua kwamba Jumamosi na Jumapili anapiga filamu, wakamwita hivyo kwa kumcheka, utani ukazoeleka, mwishowe hata mama yake Fundi akamwita hivyo. Filamu yenyewe ilikuwa moja tu, ya dakika arobaini, na alikuwa nayo mwaka wa pili huu: habari za mume anayeachwa na mkewe bila ugomvi wowote. Kamera ya kuazima, taa mbili, waigizaji wa bure. Mume aliigizwa na Fundi. Hakujua kuigiza, ila alikuwa mchumba wake, na Jumamosi zake zote alizitumia kumtazama, kwa hiyo ikaonekana afadhali na yeye atazamwe.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Mume ameketi mezani. Mke haonekani, inasikika sauti yake tu, ambayo Dairekta mwenyewe aliisoma kutoka nyuma ya kamera. Mke anasema anaondoka, mume anainua uso. Basi. Uso huo ndio uliokuwa filamu nzima, na mara saba Fundi alikuwa ameuinua kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye foleni.

"Mara ya nane," alisema Dairekta. "Mpenzi, safari hii usinisikilize mimi. Msikilize mke."

"Mke si ndiye wewe?"

"Mimi sipo hapa."

"Sawa," alisema Fundi.

Sawa. Lilikuwa neno lake. Alipoombwa kuigiza alisema sawa. Shangazi yake Dairekta alipompangia siku ya kuja kujitambulisha kwa wazee, alisema sawa. Na siku Dairekta alipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba anampenda, wamesimama nje ya duka la vifaa vya umeme, jua limewakalia utosini, Fundi alihamisha mtungi wa gesi kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, kisha akasema, "Sawa." Dairekta aliwasimulia wenzake kazini wakacheka hadi mashine ikazimwa. Yeye pia alicheka. Lakini neno lile lilibaki limemkaa mahali, na tangu siku ile alikuwa akiutazama uso wa mwanamume yule kama mtu anayesoma cheti kilichoandikwa kwa mwandiko wa daktari.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Fundi hakuambiwa. Wiki tatu nyuma, Dairekta alikuwa amepewa barua. Kampuni inafungua tawi katika mji mwingine, safari ya siku nzima, naye atakuwa mkuu wa karakana huko. Alitia saini siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana. Tarehe ya kuanza ilikuwa imebakiza siku kumi na sita. Chumbani kwake makatoni yalishaanza kupanda ukutani, na Fundi alipokuja kumsalimu alimpokea nje barazani, akisema ndani kuna vumbi.

Mara nne alijaribu kumwambia. Mara nne alifungua mdomo, akauliza kitu kingine.

"Sauti?" aliuliza.

"Sauti inakwenda," alijibu wifi yake kutoka chini ya vipokea sauti.

"Kamera inakwenda. Fundi, anza."

Fundi alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili, akatazama meza. Dairekta alikuwa na karatasi mkononi. Mstari wa mke aliuandika mwenyewe: Naenda kwa dada yangu, usinisubiri. Aliutazama mstari ule ukaonekana umekufa. Akaweka karatasi chini.

"Nahama," alisema. "Tarehe moja. Kazini wamenipa tawi jipya, mji mwingine. Nilishasaini. Wiki tatu zilizopita."

Fundi aliinua uso.

Kwenye kioo kidogo cha kamera uso ule ulikuja taratibu. Kwanza macho, kisha kitu kilichopita kwenye taya kikashuka shingoni. Hakukunja uso. Alimtazama kupitia lenzi, moja kwa moja, jambo ambalo alikatazwa tangu siku ya kwanza.

"Hayo ni ya filamu," aliuliza polepole, "au ni ya kweli?"

Kutoka kwenye kamera hadi mezani zilikuwa hatua tatu. Dairekta alizijua, alizipima mwenyewe kwa ajili ya mwanga. Mtu mwingine yeyote angezipiga hatua hizo. Lakini Fundi alipouliza alikuwa ameinama mbele kidogo, kiasi cha shubiri moja, na uso wake ukafifia. Mkono wa kushoto wa Dairekta ukaenda wenyewe kwenye duara la lenzi, ukalizungusha kidogo, mpaka macho ya Fundi yakakaa sawasawa, makali, na maji yaliyokuwa yanaanza ndani yake yakaonekana.

Sekunde kumi na moja. Alizihesabu.

"Kata," alisema.

Kisha mdogo wake Fundi alishusha fimbo, akavua vipokea sauti, akaviweka juu ya jiko lililopoa.

"Umerekebisha fokasi," alisema.

"Wifi..."

"Kaka amekuuliza swali, wewe umerekebisha fokasi. Nimekuona kwa macho yangu. Na usiniite wifi kwanza."

Fundi alisimama. Alifungua friji, akatoa simu yake, akaipangusa kwenye suruali. Aliwasha swichi ukutani, akabaki ameinamisha sikio mpaka kompresa ikashika mwendo.

"Limewaka," alisema, kana kwamba kuna aliyeuliza. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Dairekta alipogeuka kumfuata, mama yake Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Mama huyo alikuwa mshonaji wa mapazia, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Haikujulikana amesimama hapo tangu saa ngapi. Ilitosha kumtazama kujua kwamba ni tangu zamani.

"Mwache atembee," alisema. "Kaa."

Dairekta akakaa kwenye kiti cha Fundi. Kilikuwa bado na joto.

"Mimi filamu sijui," alianza mama. "Nauliza kwa ujinga wangu. Huko dukani kwenu, mnapompima mtu macho, mnamwambia kwanza kwamba mnampima?"

"Ndiyo, mama."

"Mnamwambia."

"Ndiyo."

"Ahaa." Mama akavuta utepe kutoka shingoni, akaanza kuukunja kwenye vidole viwili. "Nilisema tangu mwanzo. Muulize huyu binti yangu, si yupo hapa. Nilisema, mchumba gani huyu ambaye kila akija anakuja na waya? Nikaambiwa mama, ni kipaji. Nikasema sawa, kipaji, kinywe chai. Jikoni kwangu nimehamishwa Jumamosi zote, nikapikia nje kama mpangaji. Sikusema."

"Ulisema, mama," binti yake alidakia.

"Nilisema kidogo. Sasa nauliza la mwisho. Huko unakohamia, unamchukua au unamwacha? Maana yote mawili yananihusu, na hata moja sijaambiwa."

Dairekta alifungua mdomo. Alikuwa na majibu, na kila jibu alipoligusa liligeuka kuwa maneno ya filamu.

"Sijui, mama. Sikumuuliza."

"Hukumuuliza," mama alirudia, bila ukali wowote, na upole ule ndio uliomchoma. "Basi kusanya taa zako, mwanangu. Mimi nataka kupika."

Alizikusanya. Hakuna kitu kirefu kama kukunja waya mbele ya watu wasiosema nawe. Waya wa taa ya kwanza ulikuwa mita kumi, akaukunja wote, kiwiko kwa kiganja, kiwiko kwa kiganja, na mdogo wake Fundi akimpisha kama anavyopishwa mgeni.

*

Jumatatu aliharibu lenzi ya mwalimu mstaafu. Mwalimu yule alikuwa na macho yanayohitaji lenzi iliyokatwa kwa mhimili wake kamili. Ukiikosea kidogo tu, milango yote inaonekana imeinama. Dairekta alikata kwa uangalifu, akaosha, akafuta, akapima, akakuta amesoma namba ya jicho la kulia akakata la kushoto. Miaka minne hakuwahi.

"Dairekta," alisema bosi wake, akiinua lenzi ile kwenye mwanga, "kichwa kiko wapi leo?"

"Samahani, bosi."

"Makosa ni ya watu. Lakini unakwenda kuwa mkuu wa karakana, usije ukawapindishia mji mzima." Bosi alikuwa mtu mwema, ndiyo maana utani wake uliuma. "Na umsalimie Fundi. Mwambie friji linagandisha vizuri mno, mpaka vitunguu."

Aliitikia, akatupa lenzi kwenye pipa la mabaki, akawasha mashine tena. Aibu ilimjia kwa zamu, kama maji ya kupozea lenzi: yanakatika, unadhani yamekwisha, yanarudi. Ilimjia alipokuwa anafunga skrubu za fremu. Ilimjia aliponawa mikono, alipouona ule mkono wa kushoto kwenye kioo cha bafuni. Usiku ule wa Jumamosi alimpigia Fundi mara tatu, hakupokea. Jumapili alimwandikia "nisamehe", na jibu likaja baada ya saa mbili: "Nimeona."

Jioni ya Jumatatu alikaa kitandani kati ya makatoni, akafungua kompyuta, akatazama kipande kile. Alianza akijiambia anakitazama ili ajihukumu. Alipofika mara ya tano akajua anadanganya. Alikuwa anakitazama kwa sababu kilikuwa kizuri. Mwaka na nusu alihangaika na taa, na pembe za kamera, na waigizaji waliochelewa, na hakuna hata sekunde moja iliyopumua kama hizi kumi na moja. Alijikuta anafikiri, hapa muziki usiwepo. Alipojisikia anafikiri hivyo, uso ulimwaka, akafunika kompyuta kwa mikono miwili kama mtu aliyefumwa.

Kisha akaifungua tena na kukifuta. Kwenye kompyuta, kwenye kadi ya kamera, na kwenye diski ya akiba aliyoifunga kwenye soksi. Kila mara mashine ilimuuliza kama ana uhakika, na kila mara alijibu ndiyo kwa haraka zaidi. Alipomaliza alihisi mwepesi. Alilala vizuri kuliko siku mbili zilizopita, na asubuhi alivaa blauzi ile ya bluu ambayo Fundi aliwahi kuitazama mara mbili.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja kinachoangalia barabara, kimejaa mafriji yaliyosimama milango wazi kama watu wanaosubiri daktari awaambie waseme "aa". Saa ya chakula cha mchana Dairekta alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji la soda. Mwenye friji, mama muuza vinywaji, alikuwa amekaa kwenye kreti akijipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Mchumba amekuja," mama huyo alitangaza. "Fundi, inuka, umeletewa blauzi."

Fundi aliinuka. Alikuwa na oili mpaka viwiko. Alimtazama mara moja tu, akatafuta kitambaa.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado. Nimekuja kukwambia kitu." Dairekta alimtazama mama muuza vinywaji, ambaye hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka kwenye kreti lake. Basi na awepo. "Nimekifuta."

"Umefuta nini?"

"Kile kipande. Cha Jumamosi. Nimekifuta kote, kwenye kadi, kwenye kompyuta, na akiba. Hakipo tena. Filamu itakaa bila mwisho, sijali. Nilifanya vibaya. Nilitaka ujue kwamba nimekifuta."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo njia nzima. Alisubiri mabega yale yalegee. Fundi alifuta kidole kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama ambavyo hufuta spana zake jioni.

"Uso ule ulikuwa wa nani?" aliuliza.

"Wako."

"Na hukuniuliza."

"Nilidhani..."

"Nilitaka kuuona." Hakupaza sauti. "Siku tatu hizi nilikuwa najiuliza, hivi nilionekanaje? Mtu hajioni siku kama ile. Nikasema akija nitamwambia anionyeshe, halafu tutaamua wawili, kiwepo au kisiwepo. Umekuja umeshaamua. Tena."

Mama muuza vinywaji aliacha kujipepea.

Dairekta alishika mlango wa friji lililokuwa karibu, nalo likafunguka zaidi likamwacha bila kitu cha kushika. Alikuwa amebeba zawadi njia nzima, na sasa aliiona ilivyo: ile ile. Amechukua cha mtu, amekifanyia uamuzi peke yake, kisha amesimama kungoja asifiwe.

"Kuna kingine," alisema Fundi. "Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Kwamba unahama. Bosi wako aliniletea friji lake, wiki ile ile uliyosaini. Akanipa mkono. Hongera Fundi, mchumba wako anakuwa mkuu. Nikasema asante. Nikabadilisha kifaa, nikalijaribu, nikamrudishia."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri useme. Kila ukifungua mdomo nasema leo ndiyo leo. Unauliza kama maziwa yapo." Tabasamu lilimpitia, halikukaa. "Kwa hiyo Jumamosi sikushtuka kwamba unahama. Nilipokuuliza ni ya filamu au ya kweli, nilishajua ni ya kweli. Nilikuwa nakupa mlango. Nilisema, sasa ataiacha ile kamera, atakuja hapa mezani. Nikahesabu."

"Ukahesabu?"

"Nilifika tisa. Nikaacha."

Hapo Dairekta alitazama chini. Uso ule aliouona mzuri kiasi kile, aliodhani ni wa mtu anayeachwa, kumbe ulikuwa wa mtu anayemsubiri yeye. Fundi alikuwa amemwonea aibu mchumba wake, aliyekuwa bado yuko nyuma ya lenzi. Na mkono wa Dairekta ukaenda kuifanya aibu ile ionekane vizuri.

"Sijui nikwambieje," alisema. "Unajua kwa nini sikukwambia mezani, kama watu? Nilijua ungesema sawa. Ningekwambia nahama, ungesema sawa, ungeniuliza basi ni la saa ngapi, na mimi ningeondoka miaka yote bila kujua kama ilikuuma. Filamu ilikuwa kisingizio. Nilitaka kuona tu. Nilitaka hata mara moja uonekane."

"Ungeniuliza."

"Ungejibu sawa!"

Gari lilipita barabarani, chupa tupu zikagongana ndani ya friji la soda.

"Kweli," alisema Fundi. "Ningesema sawa."

"Mnaona sasa," mama muuza vinywaji alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "mmoja bubu, mwingine mpiga picha. Mtazaa televisheni."

Fundi alicheka kwa mabega, mara moja, akajizuia. Kisha akakunja kile kitambaa, akakiweka juu ya kompresa, akasimama mbele ya Dairekta mikono ikining'inia. Alinuka oili na chuma kilichochemka.

"Haya. Niulize," alisema. "Sitasema sawa."

Mchana kweupe. Mwanga mkali, wa kutoka juu, ule ambao Dairekta hangekubali kupigia picha hata kwa kulazimishwa. Watu wawili walikuwa wamesimama mlangoni na pasi iliyoharibika, wakisubiri zamu. Alitamani kuwaambia watoke. Alitamani kuuliza swali dogo, kama amemsamehe, ambalo lingejibika kwa kichwa.

"Mimi naenda," alisema. "Hiyo nimeshasaini, na nataka kwenda, sitakuficha. Lakini sitaki kwenda bila wewe. Nilipaswa kukwambia kabla ya kushika kalamu. Sasa nakuuliza, na najua nimechelewa, na najua sistahili hata hili swali. Utakuja?"

Fundi alimtazama. Alichukua muda wake wote, na Dairekta alibaki mbele ya macho yale bila kitu cha kujificha nyuma yake, machozi yakimshuka hadi kwenye kola ya ile blauzi, watu wa pasi wakitazama dari kwa heshima.

"Sijui," alisema Fundi.

Dairekta aliitikia kwa kichwa.

"Nimekasirika bado," aliendelea. "Sitaki ukadhani imekwisha. Nikikaa kimya naiona ile kamera. Na mama yupo, na hii karakana nimeijenga kwa mikono hii. Sijui kama nitakuja. Lakini umeniuliza." Akasogea hatua moja. "Nakupenda. Sikuwahi kukujibu siku ile pale dukani, nilikuwa na mtungi begani. Nakupenda, na nimekasirika, na sijui. Yote matatu. Hilo ndilo jibu."

"Asante," alisema Dairekta.

"Nenda kwa mama sasa. Usipige simu. Nenda mwenyewe ukamwambie ulichoniuliza, kabla hajasikia kwa huyu," akamwonyesha kwa kidevu mama muuza vinywaji, ambaye alishtuka kwa dhuluma ile, akakiinua kifuniko chake akajipepea.

*

Hakurudi kazini. Alimpigia bosi akasema ukweli, kwamba ana jambo la nyumbani, akakatwa nusu siku. Alitembea hadi mlango ule wa jikoni aliotokea Jumamosi akiwa na waya begani, na kila hatua aibu ilimwambia arudi kesho, akivaa nguo nyingine, akiwa amepanga maneno. Akabisha hodi akiwa hajapanga lolote.

Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, pazia la mtu limemfunika magoti. Hakusimama.

"Umesahau taa?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukwambia. Nimetoka kwa Fundi. Nimemuuliza kama atahama na mimi."

Cherehani ilisimama.

"Nilipaswa kumuuliza mapema, na nilipaswa kukuuliza na wewe, maana ni mwanao. Nilimfanyia jambo la aibu jikoni kwako, mbele yako na mbele ya dada yake. Sina cha kujitetea. Sikuja kuomba unitetee kwake. Nimeona tu usije ukasikia kwa watu."

Mama alinyanyua mguu wa sindano, akasogeza kitambaa, akaushusha tena, bila kushona.

"Naye amesemaje? Amesema sawa?"

"Hapana. Amesema hajui."

"Nani, mwanangu? Amesema hajui?"

"Ndiyo, mama."

Mama akavua miwani. Ilikuwa miwani ambayo Dairekta aliikata kwa mikono yake mwaka uliopita, kwa mhimili wake kamili. Aliishika mapajani, juu ya pazia la mtu, akatazama dirishani kwa muda mrefu.

"Huyo nimemzaa mimi," alisema. "Kitu asichokitaka hukisemea sawa, akaacha kipite. Toka mdogo. Akisema hajui, basi ameshaanza kufungasha."

Sauti yake haikubadilika, lakini kidevu kilianza kutikisika, na mkono ukapapasa miwani bila kuipata. Dairekta alikuwa karibu, na mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia mama yule upande mmoja wa uso, taratibu, bila kosa.

Akatazama sakafu. Akapiga magoti pale chini, akaanza kuokota vipande vya nyuzi kimoja kimoja, na hakuinua macho mpaka mama alipomwita.